Benki ya Biashara Nairobi: Jinsi ya Kuitumia, Kuibana na Kuiomba Mchango

Wenye biashara ndogo Nairobi huijua benki kwa nyuso mbili. Uso wa kwanza ni dirisha la keshia na afisa wa mikopo anayedai karatasi zisizoisha. Wa pili ni picha za gazetini: hundi kubwa ya kadibodi, watoto wa shule waliopewa karo, wafanyakazi wenye fulana wakipanda miche. Nyuso hizi zote ni za benki moja, na mwenye duka Nyamakima au karakana Kariobangi ana haki ya kuzikagua zote mbili. Mwongozo huu unaanza na huduma, maana huko ndiko pesa zako ziliko, kisha unaingia kwenye wajibu wa benki kwa jamii na jinsi soko, chama au shule inavyoweza kuomba mchango ikapata jibu.

Kufungua akaunti bila kurudishwa mlangoni

Kabla ya kwenda tawini, amua biashara yako ni nini kisheria. Jina la biashara lililosajiliwa halikutenganishi na deni lake: likishindwa kulipa, wewe ndiye uliyeshindwa. Kampuni ina nafsi yake. Usajili wa yote mawili hufanyika eCitizen, kwenye huduma ya usajili wa biashara ya BRS. Chama au kikundi cha kujisaidia husajiliwa chini ya sheria ya usajili wa makundi ya kijamii ya mwaka 2022, na benki itataka cheti hicho pamoja na kumbukumbu za kikao zinazotaja mwenyekiti, katibu na mweka hazina waliochaguliwa.

Kwa kampuni, beba cheti cha usajili, fomu ya CR12 inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa, iliyotolewa karibuni, PIN ya KRA (mamlaka ya kodi) ya kampuni na ya kila mkurugenzi, vitambulisho, picha za pasipoti, leseni ya biashara ya kaunti, na azimio la wakurugenzi linalosema akaunti ifunguliwe katika benki gani na nani atatia saini. Benki pia itauliza wamiliki halisi ni nani, yaani kila mtu mwenye asilimia 10 ya hisa au zaidi, hata kama jina lake halionekani kwenye duka. Kinachowarudisha watu wengi nyumbani ni CR12 ya zamani, au jina lililoandikwa kwa namna moja kwenye kitambulisho na kwa namna nyingine KRA. Rekebisha herufi hizo kabla ya kupanga foleni.

Fomu ya watia saini hujazwa kwa haraka ilhali ndiyo inayoleta ugomvi baadaye. Ukiandika kwamba yeyote anaweza kutia saini peke yake, mwenzako anaweza kuikausha akaunti Ijumaa jioni na benki isiwe na kosa. Ukiandika kwamba ni lazima wote watie saini, siku mmoja akiwa Guangzhou kununua mzigo, mishahara haitoki. Njia ya katikati ni kuweka viwango: tuseme hadi shilingi 100,000 saini moja inatosha, na zaidi ya hapo mbili. Kwenye huduma ya intaneti fanya vivyo hivyo. Mmoja aandae malipo, mwingine ayaidhinishe, kila mtu kwa nywila yake na simu yake. Mhasibu anayeandaa na kuidhinisha kwa kutumia simu ya bosi iliyoachwa mezani ni wizi unaongoja siku yake.

Kupima ada kabla ya kuchagua

Usichague benki kwa sababu tawi liko karibu na stendi. Omba jedwali la ada, kisha chukua mwezi wako mmoja wa kweli na uhesabu: hundi ngapi uliweka, mara ngapi ulihamisha pesa kutoka M-Pesa, malipo mangapi kwa Pesalink, mangapi kwa RTGS, mara ngapi ulitoa taslimu kaunta. Zidisha kila moja kwa ada yake, ongeza ada ya mwezi ya kuendesha akaunti, na ukumbuke kwamba serikali hutoza ushuru wa bidhaa juu ya ada nyingi za benki. Akaunti inayotangazwa kuwa haina ada ya mwezi huweza kukugharimu zaidi ukiwa mtu wa miamala mingi midogo, kama muuzaji wa jumla wa nafaka.

Chagua njia ya kulipa kulingana na kiasi. Pesalink, iliyoanza mwaka 2017, huhamisha hadi shilingi 999,999 kutoka benki moja hadi nyingine papo hapo, usiku na wikendi. RTGS ni ya kiasi kikubwa, na ina saa ya mwisho ya kupokea maagizo kila siku ya kazi, basi iulize saa hiyo tawini kwako na usiisubiri. Hundi za zaidi ya shilingi milioni moja hazipiti tena kwenye mfumo wa kubadilishana hundi tangu mwaka 2009, kwa hiyo mteja anayekupa hundi ya milioni 1.4 ama hajui ama anakuchelewesha makusudi. Hundi huisha nguvu miezi 6 baada ya tarehe yake. Na kuandika hundi huku ukijua akaunti haina kitu ni kosa la jinai Kenya, mbali na ada ambayo benki itakukata.

Kuna swali moja ambalo watu huona haya kuliuliza: benki ikifungwa, nitapata nini? Shirika la KDIC hulinda amana hadi shilingi 500,000 kwa kila mwekaji katika kila benki, kiwango kilichopanda kutoka 100,000 mwaka 2020. Ukiwa na akaunti tatu katika benki moja, hujumlishwa, hazihesabiwi mara tatu. Imperial Bank ilipowekwa chini ya usimamizi Oktoba 2015, na Chase Bank Aprili 2016, biashara ndogo zilikwama na mishahara ndani. Weka angalau mshahara wa mwezi mmoja na kodi ya nyumba ya biashara katika benki ya pili. Ada ya akaunti hiyo ya pili ni bima ya bei nafuu.

Pesa zipite mahali panapoonekana

Afisa wa mikopo hakujui wewe, anaijua taarifa ya akaunti yako ya miezi 6 hadi 12. Mwenye duka la vipuri Kirinyaga Road anayeuza bidhaa za shilingi 900,000 kwa mwezi, huku 250,000 tu zikipita benki, mbele ya benki ni mtu wa 250,000. Zilizobaki zimelala kwenye simu yake binafsi, kwenye simu ya mke wake, na kwenye droo.

Tumia nambari ya Lipa na M-Pesa iliyounganishwa moja kwa moja na akaunti ya biashara. Uliza mambo matatu kabla ya kuichukua: pesa zinaingia benki papo hapo au mwisho wa siku, ada inalipwa na mteja au na wewe, na mteja akituma kwa makosa zinarudishwaje. Ukumbuke pia kwamba akaunti ya M-Pesa haiwezi kushika zaidi ya shilingi 500,000 na muamala mmoja hauvuki 250,000, kwa hiyo mnunuzi wa jumla aelekezwe benki tangu mwanzo. Muuzaji wako asiamini ujumbe anaoonyeshwa kwenye simu ya mteja. Atazame simu ya duka au programu ya benki, kwani ujumbe bandia wa malipo ni ufundi wa zamani kule Luthuli na Gikomba.

Jilipe mshahara. Toa kiasi kilekile tarehe ileile ya kila mwezi, kiende akaunti yako binafsi, na karo, harambee na mazishi yalipwe kutoka huko. Taarifa yenye malipo ya supamaketi, mafuta ya gari na karo humwambia afisa kwamba huna mpaka, naye atakata kiasi anachokukopesha bila kukueleza kwa nini.

Ankara zitolewe kupitia eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Mbali na kodi, ni ushahidi ambao benki huweza kuulinganisha na taarifa ya akaunti. Mauzo ya milioni 12 kwa mwaka yaliyoandikwa kwenye ombi la mkopo, na milioni 4 zilizotangazwa KRA, hayamshawishi mtu.

Mkopo upi kwa shida ipi

Hapa ndipo makosa ya gharama kubwa hufanyika, kwa hiyo tusiharakishe.

Mkopo wa kipindi maalum, wa miaka miwili hadi mitano, ni wa kitu kitakachozalisha kwa muda huo: mashine ya kushona, tanuri, gari la kusambaza. Usinunulie stoki ya Krismasi kwa mkopo wa miaka mitatu. Bidhaa zitakwisha Januari, na deni litaendelea kukufuata Pasaka mara tatu.

Overdrafti, yaani ruhusa ya kutoa zaidi ya kilichomo kwenye akaunti, ni ya kuziba pengo la siku chache. Riba hutozwa kwa kile ulichotumia na kwa siku ulizotumia. Tuseme una kikomo cha shilingi 300,000 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, ukatumia 200,000 kwa siku 10: riba ni kama shilingi 986. Lakini overdrafti inayokaa kwenye kikomo mwezi baada ya mwezi ni mkopo wa kudumu uliovaa nguo nyingine, na benki inaweza kuidai yote kwa siku moja. Ukiona salio lako halirudi juu ya sifuri hata siku chache kila mwezi, omba sehemu ya deni igeuzwe kuwa mkopo wa kipindi kabla wao hawajakuandikia barua.

Kukopa kwa ankara kunamfaa anayeuzia kampuni zinazolipa baada ya siku 60 au 90. Ankara ya shilingi milioni moja huweza kukupa 800,000 leo, na salio baada ya mnunuzi kulipa, likiwa limepunguzwa riba na ada. Soma kama benki ina haki ya kukurudia mnunuzi asipolipa. Mara nyingi ipo, na hapo hatari yote imebaki kwako. Mkopo wa LPO, yaani wa hati ya oda uliyopewa na mnunuzi, hutolewa kabla ya kupeleka bidhaa, na shida yake ni ileile: LPO ya taasisi ya umma inayochelewesha malipo mwaka mzima itakula faida yote kwa riba. Piga hesabu ya siku 180 hata kama mkataba unasema 30. Ikibaki faida, chukua.

Anayeingia kwenye zabuni za serikali anahitaji dhamana ya zabuni, ambayo sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 inaizuia isizidi asilimia 2 ya thamani ya zabuni, na akishinda, dhamana ya utekelezaji. Vijana, wanawake na watu wenye ulemavu wametengewa asilimia 30 ya zabuni chini ya mpango wa AGPO, na kwa zabuni hizo hujaza tamko badala ya kununua dhamana ya zabuni. Wapo wanaolipia dhamana wasiyoihitaji kwa kutosoma ukurasa huo. Benki huweza kukutaka uzuie pesa taslimu kama kinga ya dhamana. Jadili kiwango, hasa kama akaunti yako ni ya muda mrefu.

Kwa waagizaji wa mizigo, barua ya mkopo, ile watu wanayoiita LC, humlinda muuzaji na mnunuzi pia, kwa sababu benki hulipa ikiona hati sahihi tu. Neno zito hapo ni hati. Benki hazikagui mzigo. Chini ya kanuni za kimataifa za UCP 600, benki ina siku 5 za kazi za kukagua hati, na herufi moja iliyokosewa kwenye jina la kampuni, au tarehe ya kupakia iliyopita, hutosha kuzikataa. Wakati hati zinasahihishwa, kontena liko bandari ya nchi kavu ya Embakasi likikusanya ada ya uhifadhi. Mtumie muuzaji nakala ya rasimu ya LC kabla haijatolewa, aseme kipi hawezi kutimiza.

Kuhusu dola, usitazame ada ya kutuma peke yake. Benki hupata faida kubwa zaidi kwenye tofauti ya bei ya kununua na kuuza. Kwenye dola 10,000, tofauti ya shilingi moja na nusu ni shilingi 15,000. Piga simu kwa dawati la fedha za kigeni katika benki mbili ndani ya dakika zilezile, taja kiasi, uliza bei ya mwisho. Bei iliyobandikwa ukutani ni ya wasiouliza.

Kuisoma barua ya ofa

Benki ikikubali, itakuandikia barua ya ofa. Itakuwa na kurasa nyingi, nawe utaambiwa utie saini pale penye alama. Rudi nayo nyumbani, uitafute mistari hii.

Riba inahesabiwaje? Mkopo wa shilingi 600,000 wa miezi 12 kwa asilimia 14, ikihesabiwa juu ya salio linalopungua, utakulipisha takribani shilingi 53,870 kwa mwezi, na riba yote ni kama 46,500. Asilimia 14 hiyohiyo ikihesabiwa juu ya mkopo wote hadi mwisho, utalipa 57,000 kwa mwezi na riba 84,000, jambo ambalo kwa hesabu ya salio linalopungua ni karibu asilimia 25. Namba moja, bei mbili.

Riba inaweza kupandishwa lini? Kati ya Septemba 2016 na Novemba 2019 Kenya ilikuwa na sheria iliyofunga riba isizidi pointi 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Sheria hiyo iliondolewa, na sasa kila benki hupanga bei kwa jinsi inavyoona hatari yako. Kwa hiyo uliza kiwango chako kimeundwaje: msingi ni nini, na nyongeza yako binafsi ni asilimia ngapi. Nyongeza hiyo ndiyo inayojadiliwa.

Kinachoingia mkononi ni kiasi gani? Ada ya kuandaa mkopo, bima na gharama za wakili hukatwa mapema. Ada ya asilimia 3 kwenye 600,000 ni 18,000, na bado hujalipa bima. Kama mashine ni 600,000 kamili, utapungukiwa siku ya kuinunua.

Dhamana ni nini, na inarudije? Tangu sheria ya mwaka 2017 kuhusu dhamana za mali zinazohamishika, si lazima uwe na hatimiliki ya ardhi. Mashine, stoki, mifugo na hata madai yako kwa wateja huweza kuandikishwa. Ni habari njema kwa fundi wa Kamukunji asiye na shamba, ila kagua benki imeandika nini: mashine moja yenye nambari yake, au mali zote za biashara za sasa na zijazo? Ukitia saini kwa mali zote, huwezi kutumia chochote kukopa kwingine. Ikiwa ni ardhi yenye nyumba ya ndoa, idhini ya mwenzi wako ni lazima kisheria. Saini iliyoghushiwa hapo imevunja mikataba na ndoa pia.

Nani mdhamini? Wakurugenzi wa kampuni huambiwa watoe dhamana binafsi. Ukitoa hiyo bila kikomo, ile kinga ya kampuni uliyosajili imeyeyuka kwa deni hilo. Omba iwekewe kiasi.

Mambo yakiharibika

Nenda benki kabla ya kukosa malipo, au ndani ya siku 30 za kwanza. Deni likifika siku 31 huwekwa kwenye uangalizi, na likivuka siku 90 huhesabiwa kuwa mkopo mbaya, na benki hulazimika kutenga pesa kwa ajili yake. Kuanzia hapo afisa uliyemzoea hana tena faili lako, liko idara ya urejeshaji, na watu wa idara hiyo hawahesabiwi kwa urafiki. Beba karatasi moja: mauzo ya miezi mitatu, nani anakudai, unaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi na tangu lini. Ombi lenye namba hupata muda wa ziada kuliko ombi lenye huzuni.

Benki haiwezi kukufuata bila kikomo. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinasema kwamba mkopo ukishakuwa mbaya, riba inayoongezwa haiwezi kuzidi kiasi cha msingi kilichokuwa kikidaiwa siku ile. Kwenye ardhi, kuna ilani ya siku 90, kisha ilani ya kuuza ya siku 40, na dalali naye hutoa yake ya siku 45 kabla ya mnada. Sheria pia inamtaka mkopeshaji atafute bei ya haki, na nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, una hoja ya kupeleka mahakamani. Weka bahasha za ilani zote. Tarehe ni silaha.

Kabla ya jina lako kupelekwa CRB, kampuni zinazotunza rekodi za wakopaji, kama mdaiwa sugu, benki hupaswa kukujulisha siku 30 mapema. Una haki ya ripoti moja bila malipo kila mwaka kutoka kwa kila mojawapo ya kampuni za taarifa za mikopo, yaani Metropol, TransUnion na Creditinfo. Iombe hata kama huna deni. Kosa la kawaida ni mkopo uliokwisha kulipwa ukiendelea kuonekana.

Malalamiko huanzia tawini kwa maandishi. Dai nambari ya lalamiko. Usiporidhika, Benki Kuu ya Kenya hupokea malalamiko ya wateja, nayo itauliza kwanza kama uliiandikia benki. Bila barua ile ya kwanza, unarudishwa mwanzo.

Wajibu kwa jamii: angalia nini

Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015, kifungu cha 143, inawataka wakurugenzi wafikirie athari za maamuzi yao kwa jamii na mazingira. Mwezi Oktoba 2021 Benki Kuu ilitoa mwongozo wa benki kudhibiti hatari za mabadiliko ya tabianchi, na Soko la Hisa la Nairobi likatoa mwongozo wake wa ripoti za mazingira, jamii na utawala mwaka huohuo. Kwa hiyo benki kubwa huchapisha ripoti. Zisome ukitafuta namba, ruka picha.

Miti ni mfano mzuri. Ripoti itasema miche mingapi ilipandwa. Uliza mingapi iko hai baada ya misimu miwili ya mvua, aina gani, na nani hunyweshea Januari na Februari, miezi ambayo miche ya Nairobi hufa. Kwa karo, uliza wangapi wamemaliza. Mpango wa Wings to Fly wa Equity ulianza 2010 na ule wa mafunzo ya ufundi wa 2Jiajiri wa KCB 2016, miaka ya kutosha kuzungumzia waliohitimu na wanaofanya kazi.

Lakini wajibu wa kwanza wa benki ya biashara uko kwenye vitabu vyake vya mikopo, na hapo ndipo sisi tungeanza. Sehemu gani ya mikopo imeenda kwa biashara ndogo? Ada zinaelezwa kwa Kiswahili kinachoeleweka na mama mboga wa Marikiti? Kiwanda kinachomwaga maji machafu mtoni kimekopeshwa na nani? Benki makini itakudai leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, kabla ya kukopesha karakana ya kupaka rangi za nguo au kiwanda cha ngozi. Ni usumbufu kwa mkopaji, na ndio wajibu kwa jamii wenye maana kuliko fulana mia za siku ya mazingira.

Kuomba mchango ukasikilizwa

Tuchukue mfano wa chama cha wafanyabiashara wa soko kinachotaka kujikinga na moto. Gikomba imeungua mara nyingi, na moto wa Juni 2018 uliua watu 15, kwa hiyo hakuna afisa wa benki Nairobi atakayehitaji kuelezwa hatari. Anahitaji kuelezwa mpango.

Andika kurasa mbili tu. Ya kwanza: soko liko wapi, lina vibanda vingapi, wangapi ni wateja wa benki hiyo, tatizo ni nini na mnachoomba. Tuseme vibanda 400, kizima-moto cha unga cha kilo 6 kwa kila vibanda 10, jumla 40, pamoja na mafunzo ya siku moja kwa watu 80, wawili kwa kila kizima-moto. Ya pili: bajeti yenye nukuu za bei tatu, mchango wa chama chenyewe, na nani atalipia ukaguzi wa kila mwaka. Sehemu hii ya mwisho ndiyo huangusha maombi mengi. Kizima-moto kisichokaguliwa miaka mitatu ni chuma chekundu ukutani. Onyesha kwamba kila kibanda kitatoa shilingi chache kwa mwezi na zitawekwa akaunti gani.

Ambatanisha cheti cha usajili, PIN ya chama, barua ya ruhusa kutoka kwa mwenye ardhi au kaunti, na kumbukumbu za kikao zilizotiwa saini. Mradi wa choo au mtaro bila ruhusa ya ardhi hufa siku hiyohiyo, maana benki haitajenga juu ya kiwanja chenye kesi.

Peleka kwa meneja wa tawi kwanza. Tawi huwa na uwezo wa kusaidia mambo madogo au kuwatoa wafanyakazi wake kwa siku ya kujitolea, na meneja ndiye anayeipigia debe barua yenu makao makuu. Wakati unajalisha: mwaka wa fedha wa benki za Kenya hufungwa Desemba 31, na bajeti ya mwaka unaofuata hupangwa miezi ya mwisho. Ombi lililofika Agosti au Septemba lina nafasi. La Desemba hukuta sufuria imekwanguliwa, na mtaambiwa mrudi mwakani kwa adabu nyingi.

Msiombe pesa taslimu. Benki nyingi hupendelea kumlipa muuzaji wa vifaa moja kwa moja, nanyi mtakuwa mmeepuka maswali ya mweka hazina. Msiwaalike wanasiasa kabla ya kukubaliana na benki, kwa kuwa tawi haliwezi kuonekana jukwaani kwenye kampeni ya mtu. Na kama pesa zinakataliwa, ombeni ujuzi: afisa mmoja aje Jumamosi mbili afundishe wenye vibanda kuweka vitabu na kusoma taarifa ya akaunti. Haigharimu benki karibu chochote, na sokoni huwa na faida kuliko hema lenye nembo.

Vifaa vikifika, andikeni nambari ya kila kizima-moto na kibanda kilipo, pigeni picha, na ndani ya siku 30 tumeni ripoti ya ukurasa mmoja yenye risiti. Tumeni nyingine baada ya ukaguzi wa kwanza wa mwaka, na tarehe ya ukaguzi ibandikwe kwenye kila kifaa mahali ambapo hata mteja wa mitumba ataiona.